Shajara ya namba ya kioo: kuivunja 12345678987654321 kwa kalamu na karatasi

Nina duka la stesheneri Majengo, Moshi. Natoa kopi, nachapa barua, nauza madaftari na kalamu. Shajara hii ni ya kazi tuliyoifanya humo dukani Jumamosi mchana, mimi na watoto wanane wa mtaani, kuanzia Juni hadi Agosti 2025. Tulitaka kujua kila kilichomo ndani ya namba moja tu: 12345678987654321. Naiandika kwa ajili ya wenzangu watakaopenda kuirudia na watoto wao. Palipokwenda vizuri nitapita haraka, palipoharibika nitakaa. Gharama ni za mfukoni mwangu, kwa shilingi.

Jumamosi 7 Juni 2025: Swali

Binti yangu wa kidato cha pili alikuja na zoezi hili:

11 × 11 = 121
111 × 111 = 12321
1111 × 1111 = 1234321

Akauliza kioo hiki kinaendelea mpaka wapi. Namba inayosomeka sawasawa mbele na nyuma wataalamu huiita palindromi. Watoto wakaiita namba ya kioo, na jina hilo ndilo nitakalolitumia.

Tukazidisha 111111111 kwa yenyewe kwenye karatasi ya manila. Unapanga mistari tisa, kila mmoja una moja tisa, na kila mstari umesogea nafasi moja kushoto kuliko ulio juu yake. Safu ya kulia kabisa ina moja mmoja tu, inayofuata ina wawili, kisha watatu, mpaka safu ya katikati yenye tisa, halafu zinashuka tena kwa mpangilio uleule. Jibu ni 12345678987654321. Tarakimu 17, jumla yake 81.

Mpwa wangu wa kidato cha nne akasema namba kubwa namna hii lazima ina vitu vingi ndani. Hapo ndipo mradi ulipozaliwa: tutafute vigawo vyake vyote, tusiache hata kimoja.

Gharama: kaunta buku 2, 7,000; manila 6, 6,000; maka peni 2, 3,000.

Jumamosi 14 Juni: Mashine tatu, namba tatu tofauti

Siku hii niliipoteza karibu yote, na kosa lilikuwa langu.

Tulianza na kalkuleta ya shuleni. Ikatuonyesha 1.234567899 × 10¹⁶, yaani tarakimu kumi za mbele, za nyuma imezimeza. Sawa, hiyo angalau inakiri wazi kwamba imefupisha.

Nikawasha kompyuta ya duka, nikafungua programu ya majedwali, nikaiandika namba nzima kwa uangalifu, nikaipanulia safu ili ionekane yote. Nikaendelea na wateja. Niliporudi, watoto walikuwa wameshabandika ukutani kwamba 4, 5, 25 na 100 ni vigawo vyake. Nikauliza kwa nini. Mmoja akanionyesha kioo cha kompyuta: "Si inaishia na sifuri mbili, Mangi."

Kweli, ilikuwa imeandikwa 12345678987654300. Ile 21 ya mwisho imefutwa bila onyo lolote. Na mimi, mtu mzima, nilisimama pale nikatafuta sababu ya kuikubali, mpaka binti yangu alipoleta manila ya wiki iliyopita na kuiweka mbele yangu. Programu ile hutunza tarakimu 15 tu. Ukiipa zaidi ya hapo, zinazozidi inazigeuza sifuri.

Mpwa wangu akasema ataandika programu ndogo ya kuendeshwa ndani ya kivinjari cha simu, iulize tu baki la namba yetu ikigawanywa kwa 2. Ikajibu 0. Namba inayoishia na 1, eti shufwa! Akaiambia ichape namba yenyewe, ikachapa 12345678987654320. Hili lilituchukua muda kulielewa. Lugha ya programu ya kivinjari huhifadhi tarakimu za kila namba ya kawaida kwa biti 53, yaani nafasi 53 za 0 au 1, na biti 53 zinatosha kuhesabu namba nzima moja baada ya nyingine hadi 9007199254740992. Ukipita hapo nafasi zinakuwa za mbilimbili: ipo ya 320 na ipo ya 322, ya 321 haina pa kukaa. Inasukumwa kwa jirani.

Dawa tuliyoipata ni Python, lugha nyingine ya programu, ambayo hutunza namba nzima ya urefu wowote ilimradi hutumii desimali. Ila niliweka sharti ambalo tulilishika mpaka mwisho: tunakokotoa kwa mkono kwanza, mashine inahakiki baadaye. Ukitaka kurudia kazi hii, iulize kwanza mashine yako baki la 12345678987654321 kwa 2. Ikijibu 0, iweke pembeni.

Gharama: bando la kupakua Python, 2,000.

Jumamosi 21 Juni: Kuipima kwa mkono

Baridi ya Juni, Kibo haukuonekana siku nzima, watoto wamekuja na masweta. Tulianza vibaya: saa nzima tuliigawanya ile namba ndefu yenye tarakimu 17 kwa 3, kwa 7, kwa 9, tukichafua karatasi. Kumbe haikuwa na haja. Namba yetu ni kipeo cha pili cha 111111111, na namba tasa yoyote inayoigawanya ile kubwa lazima iigawanye na hii ndogo. Vunja ndogo, kisha rudufu kila kigawo. Laiti tungefikiri hivyo tangu saa nane.

Hata hivyo kuna jaribio moja la namba ndefu ambalo nalipenda mno na nisingependa lipotee. Ikate tarakimu tatutatu kuanzia kulia, halafu jumlisha:

12 + 345 + 678 + 987 + 654 + 321 = 2997

Kwa kuwa 1000 ikigawanywa kwa 999 inabakisha 1, jumla hiyo ndiyo inayokuambia kama namba nzima inagawanyika kwa 999. Na 2997 ni 999 mara tatu kamili. Sasa 999 ni 27 × 37. Yaani 37, namba tasa ambayo hakuna mtoto aliyekuwa ameiwazia, ilijitokeza kwa kujumlisha tu.

Vipande vilevile ukivijumlisha na kuvitoa kwa zamu, 321 − 654 + 987 − 678 + 345 − 12, unapata 309. Hilo ndilo jaribio la 7, 11 na 13 kwa pamoja, kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1001. Mabaki yake ni 1, 1 na 10, basi zote tatu zimekataa. Kuhusu 11 kuna jambo la kujua: namba ya kioo yenye idadi shufwa ya tarakimu hugawanyika kwa 11 siku zote, kama 4774 ambayo ni 11 × 434, kwa kuwa kila tarakimu na pacha wake huangukia upande wa kujumlishwa na upande wa kutolewa, wakafutana. Yetu ina tarakimu 17, kanuni hiyo haikuikamata.

Mpaka jioni tulikuwa na hivi:

111111111 = 9 × 12345679
12345679 = 37 × 333667

Hiyo 12345679 isiyo na 8 iliwashika watoto. Izidishe kwa 63, upate 777777777. Walicheza nayo mpaka nikafunga duka.

Jumamosi 28 Juni: 333667, na ushindi wa mapema

Swali lililobaki: je, 333667 ni namba tasa? Kipeuo chake cha pili ni 577 na kitu. Kwa hiyo ukiijaribu kwa namba tasa zote hadi 577 na zote zikabakisha kitu, imethibitika. Tulizihesabu, ni 106. Nikatoa kopi za orodha, kila mtoto akapewa namba 13, mbili zilizobaki nikazichukua mimi. Nami nikaandika 333667 kwenye manila, kwa maka peni, kubwa, nikaibandika ukutani.

Baada ya dakika ishirini hivi mtoto aliyekaa karibu na mlango akapiga kelele. Kwa 23 inagawanyika bila baki: 14507! Tukaacha orodha zetu zote, tukaikimbilia 14507. Kabla ya magharibi tulikuwa tumeivunja nayo: 89 × 163. Nikaandika chini ya ile manila, kwa rangi nyekundu:

333667 = 23 × 89 × 163

Watoto walipiga makofi. Nami nililala nikiamini tumemaliza.

Gharama: kopi 8, 800.

Jumamosi 5 Julai: Saba iliyosomeka moja

Kuna mwalimu mstaafu wa hesabu anayepita dukani kwangu kuchukua gazeti. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akawa bado anaangalia ukutani.

"Mangi, hiyo nyekundu nani kaandika?"

"Mimi, Mwalimu. Watoto wameikokotoa wiki iliyopita."

"Tuzidishe tarakimu za mwisho tu. 3 mara 9?"

"27."

"Shika 7. Mara 3?"

"21." Nikanyamaza. Inaishia na 1. Namba ya ukutani inaishia na 7.

Nilirudia hesabu ya mtoto yule mbele ya Mwalimu. Kugawanya kwake kulikuwa sahihi kila hatua. Tatizo ni namba aliyoigawanya: kwenye daftari lake imeandikwa 333661. Saba zangu huwa siziwekei kistari katikati, na kutoka pale mlangoni saba ya mwisho ilisomeka moja. Na kwa bahati mbaya kabisa 333661 kweli ni 23 × 89 × 163. Kama namba hiyo ingekuwa na vigawo vikubwa tu, kosa langu lisingeonekana kama ushindi. Ukizijaribu zote tatu kwa 333667 yenyewe, kila moja inabakisha 6, ambayo ndiyo tofauti ya 7 na 1.

Mtoto alipokuja mchana nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hesabu yake ilikuwa safi na mwandiko mbaya ulikuwa wangu. Ilikuwa muhimu kwangu alisikie hilo, maana alishaanza kulia.

Marekebisho mawili, na haya yachukue kama yalivyo. Kwanza, saba zote za mradi zina kistari. Pili, hakuna kigawo kinachopanda ukutani kabla mtu mwingine hajazidisha kurudi nyuma, kuanzia tarakimu ya mwisho.

Jumamosi 12 Julai: Kutoka 106 hadi 17

Mwalimu alirudi, safari hii akakaa. Alituambia orodha yetu ya namba 106 ni ndefu bure, kwa sababu hatujaitazama 333667 vizuri. Izidishe kwa 3.

Ni 1001001. Namba ya kioo nyingine, imejificha ndani ya ile kubwa.

Nitaeleza hoja yake kama nilivyoielewa, kwa sababu ndiyo iliyotuokoa. Chukua namba tasa yoyote inayoigawanya 1001001, isipokuwa 3. Kwa kuwa 1001001 × 999 = 999999999, namba tasa hiyo inaigawanya pia 999999999. Sasa, ukigawanya 1 kwa namba tasa (isiyo 2 wala 5) unapata desimali inayojirudia, na namba tasa inayoigawanya 999999999 hujirudia kwa kipande chenye urefu wa tarakimu 1, 3 au 9. Kama 1 ÷ 37, ambayo ni 0.027027027 na kuendelea, kipande cha tarakimu tatu.

Je, namba tasa yetu inaweza kuwa ya kipande cha 1 au cha 3? Hapana. Ingekuwa hivyo ingeigawanya 999, basi 1000 ingebakisha 1, na 1000000 ingebakisha 1, na 1001001 ingebakisha 1 + 1 + 1, yaani 3. Lakini tumesema inaigawanya 1001001 kamili. Haiwezekani ila kwa 3 yenyewe, ambayo tuliiweka kando. Kwa hiyo kipande chake ni cha tarakimu tisa kamili.

Hapo anaingia Fermat, Mfaransa aliyeeleza jambo hili mwaka 1640: urefu wa kipande daima huigawanya namba tasa ukitoa moja. Kwa 37, kipande ni 3 na 3 inaigawanya 36. Kwa 7, kipande ni 142857, tarakimu sita, na sita inaigawanya 6. Basi namba tasa tunayoitafuta, ukiitoa moja, inagawanyika kwa 9. Na kwa kuwa ni witiri, inagawanyika pia kwa 2. Lazima iwe ya umbo la 18 mara kitu fulani, ongeza 1.

Hadi 577 ziko 17 tu. Umeme ulikuwa umekatika, tukasogeza meza dirishani, watoto wawiliwawili, na kila jibu likahakikiwa na jozi nyingine. Mabaki ya 333667 ni haya, kwa atakayependa kujilinganisha: 19 inabakisha 8; 37 inabakisha 1; 73, 57; 109, 18; 127, 38; 163, 6; 181, 84; 199, 143; 271, 66; 307, 265; 379, 147; 397, 187; 433, 257; 487, 72; 523, 516; 541, 411; 577, 161.

Hakuna sifuri hata moja. 523 ilitutisha kidogo, imepungukiwa 7 tu. Namba tasa, basi. Na ile 23 ya wiki mbili zilizopita isingeweza hata kuingia mlangoni: 22 haigawanyiki kwa 18. Wala 89.

Mpwa wangu akakokotoa 1 ÷ 333667: 0.000002997000002997 na kuendelea, kipande cha tarakimu tisa. Ileile 2997 tuliyoipata kwa kujumlisha vipande tarehe 21 Juni! Si ajabu, kwani 333667 × 2997 ni 999999999, lakini nilisisimka. Mwalimu akaongeza kwamba hakuna namba tasa nyingine yoyote yenye kipande cha urefu wa tisa. Ni hii peke yake, kama 37 ilivyo peke yake kwa urefu wa tatu.

Ukutani, kwa saba zenye kistari:

12345678987654321 = 3⁴ × 37² × 333667²

Jumamosi 26 Julai: Vigawo 45, na koma zilizotuficha

Idadi ya vigawo hupatikana haraka: ongeza moja kwenye kila kipeo, zidisha. 5 × 3 × 3 = 45. Kuviandika vyote kulichukua mchana mzima lakini hakukuwa na la kusimulia.

Kisha binti yangu akauliza, kati ya hivyo 45, vingapi ni namba za kioo? Tukahesabu kwa macho, tukapata 19. Python ikasema 21.

Tulitafuta viwili vilivyokosekana karibu nusu saa. Vilikuwa 12,333,333,321 na 36,999,999,963. Nimeviandika hapa kama vilivyokuwa kwenye karatasi yetu, na koma zake. Koma zinakata namba tatutatu kutoka kulia, kwa hiyo upande mmoja unaona 12 na upande wa pili unaona 321, jicho linakataa kabla akili haijapima. Futa koma: 12333333321. Kioo kitupu. Tukaandika upya vigawo vyote bila koma.

Jumamosi 2 Agosti: Kwa nini 21

Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, na haikugharimu hata shilingi.

Tulianza na swali la Juni: kioo kinavunjika wapi? Tukazidisha moja kumi kwa moja kumi. Safu ya katikati ina jumla 10, huwezi kuiandika kwenye nafasi moja, unaandika 0 na kubeba 1. Hiyo 1 inaenda kushoto tu, haina pacha kulia, na kioo kinapasuka: 1234567900987654321. Upande wa kulia bado mzuri, wa kushoto umechafuka.

Mtoto yule wa pale mlangoni, mwenye 23, akasema polepole: "Basi kioo kinakaa mpaka ubebe."

Tukaijaribu kauli hiyo kwenye vile 21. Tulikuwa tayari tunajua 111111111 = 111 × 1001001. Kwa hiyo namba yetu yote ni

12321 × 1002003002001

kioo mara kioo, kwani 12321 ni kipeo cha pili cha 111 na 1002003002001 ni kipeo cha pili cha 1001001. Tukachora jedwali. Mistari: 1, 111, 12321. Safu: 1, 1001001, 1002003002001. Ukizidisha, visanduku tisa vyote vinajaa bila kubeba popote. Mfano 111 × 1001001 inatoa 111111111, na 111 × 1002003002001 inatoa 111222333222111. Hao tisa tukawaita wazazi.

Kila mzazi unaweza kumzidisha kwa 3, na tena kwa 3, mradi hakuna tarakimu inayovuka 9. Wazazi ambao tarakimu yao kubwa ni 1 wako wanne: 1, 111, 1001001 na 111111111. Hao wanavumilia mara mbili, kwa hiyo kila mmoja anatoa namba tatu, jumla 12. Wenye tarakimu kubwa 3 ni wanne: 12321, 12333333321, 1002003002001 na 111222333222111. Wanavumilia mara moja tu, wanatoa mbilimbili, jumla 8. Wa mwisho ni namba yetu yenyewe, ina 9 katikati, haivumilii chochote. Moja.

12 + 8 + 1 = 21.

Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Jaribu kuvuka mpaka uone: 36963 × 3 ni 110889, imebeba, kioo hakuna. 3006009006003 × 3 ni 9018027018009, vivyo hivyo. Nimeuza madaftari ya hesabu miaka mingi, na sijawahi kuona kubeba moja kukiwa na maana kubwa namna hii.

Jumamosi 16 Agosti: Bango

Watoto walitaka vigawo vyote 45 vibandikwe nje ya duka. Nikapanga orodha, nikaitengeneza kuwa faili, nikampelekea fundi wa mabango ya fleksi. Faili nililitengeneza kwa programu ya majedwali. Ndiyo, ileile.

Bango lilipofika nilisoma mistari 42 na yote ilikuwa sawa. Mitatu ya mwisho ilisomeka 1371742109739360, 4115226329218100 na 12345678987654300. Hizo ndizo namba pekee zenye tarakimu zaidi ya 15. Nilikuwa nimeandika onyo hilo kwa mkono wangu tarehe 14 Juni, kisha nikalisahau kwa sababu vigawo vingi ni vifupi na safu yote ilionekana salama. Fundi hana kosa, alichapa alichopewa.

Namna ya kurekebisha, kama huna budi kutumia majedwali: weka alama ya ' mbele ya kila namba kabla ya kuiandika, programu itaichukua kama maandishi na haitaigusa. Mimi nilichagua kuandika upya kwenye programu ya kawaida ya barua. Mistari mitatu sahihi ni 1371742109739369, 4115226329218107 na 12345678987654321. Binti yangu alizidisha kila mmoja kurudi nyuma kabla sijamtumia fundi: ya kwanza kati ya hizo mara 3 inatoa ya pili, na ya pili mara 3 inatoa ya tatu.

Gharama: bango la kwanza 25,000, la pili fundi alinipunguzia, 18,000. Jumla ya mradi mzima, 61,800.

Bango limetundikwa upande wa barabarani, namba 21 za kioo zikiwa na rangi ya bluu na nyingine 24 nyeusi. La kwanza halikutupwa, tumeligeuza, mgongo wake mweupe ndio ubao wetu. Jumamosi ijayo tunaanza kuhesabu kwa madazeni badala ya makumi. Huko kuna tarakimu mbili za ziada baada ya 9, kwa hiyo safu ya katikati inaweza kufika kumi na moja kabla hatujabeba, na tunataka kuandika kwa mkono kioo cha moja kumi na moja. Watoto bado wanabishana alama gani zitumike kwa hizo tarakimu mbili mpya.